Maiki ya udi na ukumbi unaolia

Ukimuuliza fundi wa studio ni maikrofoni gani inayofaa udi, kile chombo cha nyuzi cha taarab, atakutajia kondensa, maiki yenye utando mwepesi unaoshika chaji, na hatakuwa amekosea. Muulize tena swali hilohilo kuhusu harusi ya Jang'ombe, Unguja, ukumbi wa kuta tupu na dari ya bati, monita, ile spika ya kumsikilizisha mpigaji, iko hatua mbili mbele yake na dumbak, ngoma ndogo ya mkono, inapigwa ubavuni pake, usikie kama atajibu haraka vile.

Hilo la pili ndilo ninaloishi nalo. Mimi ni fundi mitambo wa taarab asilia, ile ya udi, kanuni (boksi bapa lenye nyuzi nyingi), fidla, akodiani, nai (filimbi), besi kubwa la kusimama, dumbak na rika (tari ndogo). Watu kumi au zaidi hubanana kwenye jukwaa ambalo mara nyingi limejengwa kwa ajili ya viti viwili vya maharusi. Wenzangu wa rusha roho, taarab ya kisasa, wamepumzika: kinanda kinachomekwa moja kwa moja kwenye mikseri, gitaa la besi vivyo hivyo, wanabaki na maiki za waimbaji tu. Kwetu sisi kila chombo ni boksi la mbao linalotetemeka, kila boksi linataka maiki yake, na kila maiki inasikia mambo yasiyoihusu.

Ndiyo maana, kabla sijajali utamu wa sauti, naiuliza maiki jambo moja: wewe ni kiziwi upande gani? Vijana wengi wanaoanza kazi hii huja na orodha ya maiki walizozisikia zikisifiwa, na sifa zote ni za kusikia. Inasikia mpaka mkwaruzo wa kidole. Inasikia mpaka pumzi ya mpiga nai. Basi jua kwamba inasikia pia feni ya darini, shangazi wa bibi harusi anayemwita mtoto, na zaidi ya yote, inasikia monita.

Maiki inapolia hakuna uchawi. Sauti imetoka kwenye spika, imeingia tena kwenye maiki, imekuzwa, imetoka, imeingia tena, na kila mzunguko umeikuta kubwa kuliko mzunguko uliotangulia. Wala haihitaji muziki wote. Inatosha noti moja ambayo ukumbi, spika na chombo vyote vitatu vinaipenda. Kwenye udi noti hiyo hukaa chini, mara nyingi chini ya hezi 200, kwa sababu lile tumbo la vibao vilivyopindwa, pamoja na matundu yake ya usoni, linafanya kazi kama chupa unayoipuliza mdomoni: hewa iliyomo ndani ina mlio wake, na monita ikiipuliza kwa noti hiyo, udi unajipiga wenyewe. Umeshawahi kuona mpiga udi anaweka kiganja juu ya tundu wakati fundi anahangaika na vifundo vya mikseri? Anaziba chupa.

Kuna hesabu mbili ninazotembea nazo kichwani. Ya kwanza ni ya umbali. Ukisogeza maiki kutoka sentimita 40 hadi 20 kutoka kwenye chombo, unapata kama desibeli 6 bila kugusa mikseri, na makelele mengine yote yanabaki pale yalipokuwa. Ya pili ni ya idadi. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi uliyonayo kabla mitambo haijalia. Kutoka moja kwenda mbili, tatu zimekwenda. Ukifika nne, sita. Ukifika nane, tisa. Ndipo utaelewa kwa nini saundicheki ya udi peke yake inakuwa tamu alasiri, halafu usiku kikundi kizima kikianza kila kitu kinapiga mluzi. Maiki ya udi haijabadilika. Zimefunguliwa nyingine saba.

Sasa niseme kitu ambacho mafundi wengi hawakubaliani nami. Watu husema maiki ya dainamiki haishiki sauti za mbali na kondensa ndiyo inayoshika, kwa hiyo dainamiki ndiyo salama jukwaani. Nusu ya maneno hayo si kweli. Dainamiki ya kawaida, tuseme Shure SM57 iliyotoka mwaka 1965, ndani yake ina koili iliyogandishwa kwenye utando, na koili hiyo inacheza katikati ya sumaku. Utando unabeba mzigo, kwa hiyo umeme unaotoka ni mdogo: sauti ileile itakayokupa milivolti mbili kwenye dainamiki inaweza kukupa kumi au ishirini kwenye kondensa. Ndiyo maana ukiichomeka kondensa bila kugusa kifundo, ukumbi mzima unaingia, ukaona kwamba hii inavuta mbali. Hebu punguza kifundo mpaka udi usikike sawasawa na ulivyosikika kwenye dainamiki. Kama maiki zote mbili zina umbo moja la kusikia, yaani pande zipi zinasikia na zipi ni kiziwi, na ziko umbali mmoja, zitalia karibu mahali pamoja.

Tofauti iliyopo kweli iko kwingine. Dainamiki nyingi huishiwa nguvu kwenye noti za juu sana, kwa hiyo haziamshi mluzi wa juu. Watu huzisogeza karibu kwa mazoea, na kule kusogeza ndiko kunakosaidia. Na zinavumilia. Kondensa nayo inaipa risha ya udi, kile kipande cha kupigia nyuzi, haki yake, ule mguso wa kwanza kabla nyuzi haijaanza kuimba, ambao SM57 huufanya mzito kidogo. Vilevile udi ni chombo cha sauti ndogo, na dainamiki inataka kifundo kipandishwe sana, na mikseri za bei rahisi zikipandishwa namna hiyo hutoa mchirizi kama mvua ya mbali. Ukumbi ukiwa mkimya mchirizi huo utausikia katikati ya taksimu, pale mpigaji anapobuni peke yake.

Umbo la kusikia ndilo linalonigharimu muda mwingi. Maiki yenye umbo la moyo ina ukiziwi mgongoni kabisa, digrii 180 kutoka mbele. Superkadioidi inabana zaidi upande wa mbele, lakini ukiziwi wake umehamia pembeni nyuma, kwenye digrii 126 hivi, na mgongoni panasikia kidogo. Hiperkadioidi, kwenye digrii 110. Kwa mpiga udi aliyekaa, mwenye maiki ya umbo la moyo kwenye stendi fupi inayomtazama, monita naiweka sakafuni nyuma ya maiki, uso kwa uso na yeye. Nikibadilisha kwenda superkadioidi lazima niihamishe monita, niipeleke upande wa kushoto au kulia. Nimeingia kumbi nyingi nikakuta superkadioidi nzuri ya pesa nyingi imeelekezewa monita mgongoni, na fundi wa pale anakata noti moja moja kwenye ikwalaiza mpaka sauti imebaki mifupa. Angesogeza monita kwa hatua moja na nusu, angeenda kunywa chai.

Ninavyomwekea mzee wa udi maiki, utaratibu ni huu. Kwanza salamu, maana chombo ni chake.

"Shikamoo, Maalim. Naomba unipigie taksimu kidogo nisikilize."

"Marahaba, mwanangu. Nipige maqamu gani?"

"Yoyote, Maalim. Nataka nyuzi za chini na za juu tu."

"Haya. Lakini hiyo waya yako isinigusie chombo, na wala usinibandikie gundi."

Anapiga, nami nachuchumaa, naziba sikio moja kwa kidole, na hilo jingine nalizungusha mbele ya udi kwa umbali wa kiganja kimoja. Mbele ya tundu kubwa ni mvumo mtupu; ukiweka maiki pale utafurahi dakika mbili, kisha ukumbi utaanza kulia. Juu ya risha kuna mkwaruzo mwingi na mbao chache. Nikishuka upande wa daraja, kidogo kuelekea ukingo wa chini, hapo uso wa mbao, ambao haufiki hata milimita tatu, unasema wenyewe: nyuzi za chini zina mwili bila kuvuma, za juu hazichomi. Pale sikio liliposimama ndipo maiki inaposimama. Halafu nakata sauti za chini ya hezi 80 kwenye mikseri. Nyuzi ya chini kabisa ya udi uliosawazishwa kwa Do iko kwenye hezi 65, kwa hiyo wapo watakaosema nimemkata Maalim kidole. Hapana. Tumbo la udi halina uwezo wa kuitoa noti hiyo kwa nguvu. Unachokisikia kama Do ya chini ni wenzake wa juu, zile sauti nyembamba zinazoambatana na noti. Kinachoondoka ni vishindo vya miguu.

Yote hayo yanafaa ukumbi ukiwa na adabu. Taarab ina jambo ambalo vitabu vya mitambo havilijui, nalo ni kutunza. Wimbo ukifika pale panapomgusa mtu, kina mama wanainuka na noti za pesa mkononi, wanakuja mbele wakicheza, wanapita katikati ya stendi, dera moja linazoa stendi ya kanuni, jingine linasukuma maiki ya fidla ikamtazama mpiga rika. Huwezi kuwazuia, ndicho walichokijia. Kwa hiyo maiki ya stendi, hata iwe nzuri namna gani, usiku wa harusi ina maisha mafupi, na kitu kilichoshikana na chombo chenyewe kinakuwa na thamani isiyopimwa studio.

Hapo ndipo pikapu ya kubandika inapoingia. Ni kidude cha fuwele au kauri kinachotoa umeme kikiminywa, jambo ambalo ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, walilionyesha mwaka 1880. Kinasikia mtetemo wa mbao na si hewa, kwa hiyo monita inaweza kupiga kelele mbele yake na isilie upesi. Na karibu kila mtu ninayekutana naye anakichukia. Sauti ya kopo, wanasema. Ya kichwa cha msumari.

Mara nyingi kopo si pikapu. Kopo ni mahali ilipochomekwa. Kidude hiki kina uwezo mdogo sana wa kusukuma mzigo. Chukua pikapu ndogo yenye kapasitansi ya nanofaradi 1, uichomeke kwenye tundu la mikseri lenye ukinzani wa kiloomu 10: hesabu inasema kila kitu kilicho chini ya hezi 16,000 hivi kinaanza kuporomoka, yaani karibu muziki wote. Ipitishe kwenye kisanduku cha DI, kinachopatanisha chombo na mikseri, chenye betri na ukinzani wa megaomu 1, mporomoko unaanzia hezi 160. Ipe priampu (kikuzaji cha awali) ya megaomu 10, unaanzia hezi 16, na nyuzi zote za udi zimerudi nyumbani. Pikapu ni ileile, gundi ni ileile. Visanduku vya DI visivyo na betri havifai hapa. Vimetengenezwa kwa kinanda na gitaa la umeme.

Hata ukiipa mzigo wake sahihi, pikapu haitasema kila kitu, kwa sababu chombo hakitoi sauti mahali pamoja. Ukitaka kulijua hilo vizuri sikiliza ilimba ya Wagogo, ile ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, aina ile aliyoipeleka mwanamuziki Hukwe Zawose kwenye majukwaa ya dunia. Ule mchakarisho unaozunguka kila noti ndio nusu ya muziki, na ukibandika pikapu mbaoni unaweza kuupata wote kwa wingi wa kuudhi au usiupate kabisa, kutegemea sentimita moja.

Basi mimi nimeamua hivi, na sijaona sababu ya kuacha: pikapu inakwenda kwa mpigaji, maiki inakwenda kwa wasikilizaji. Kwenye monita Maalim anapewa pikapu peke yake, bila chembe ya maiki. Hatafurahia utamu wake, lakini atajisikia, na mpigaji anayejisikia haangamizi nyuzi. Kwenye spika kubwa za ukumbi inakwenda maiki, na kwa kuwa monita haina maiki ndani yake, ule mzunguko mbaya kuliko yote umekatwa. Usiku ukichafuka, stendi ikaangushwa, nafungua pikapu kidogo upande wa ukumbi nusu dakika mpaka mambo yatulie. Ukizichanganya zote mbili kwa wasikilizaji kuwa mwangalifu: sauti inasafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, maiki iliyo mbele inachelewa kidogo nyuma ya pikapu, na chini panaweza kubaki pengo. Bonyeza kitufe cha kugeuza polariti, kinachopindua wimbi la sauti juu chini, kwenye chaneli moja, sikiliza wapi mwili umerudi, acha hapo.

Kanuni ndiyo inayonitoa jasho. Daraja lake limesimama juu ya vipande vya ngozi, aghalabu ya samaki, na nyuzi zake zimepangwa tatu tatu kwa kila noti. Zile za safu 26 zinafika nyuzi 78. Ngozi inafanya chombo kiwe chepesi kuitika, na kwa sababu hiyohiyo chepesi kupokea kila kelele ya jirani. Weka dumbak karibu na kanuni, kisha funga maiki ya dumbak kabisa, utaisikia dumbak bado ipo, inatoka kwenye kanuni. Pikapu chini ya daraja inatoa sauti kali, yenye ncha za zile pete za vidoleni. Ninachokipenda ni kondensa ndogo ya kubana, za namna ya DPA 4099, imeshikwa kwenye ukingo, inatazama upande wa matundu kwa umbali wa sentimita kumi hivi. Kama hakuna, SM57 kutoka juu, ikiinamia upande wa ngozi, na dumbak ihamishwe upande wa pili wa jukwaa. Mpangilio wa viti umeniokoa mara nyingi kuliko maiki yoyote niliyowahi kukodi.

Fidla za taarab hupiga pamoja wimbo mmoja, kila mmoja na manjonjo yake, na kishawishi ni kutundika kondensa moja juu ya vichwa vyao vyote. Studio, sawa. Harusini, kondensa hiyo ni sikio la ukumbi mzima. Afadhali kila fidla kijimaiki chake cha kubana. Na kwa asiye na pesa, ile maiki ndogo ya kifuani wanayovaa watangazaji, ikifungwa kwa sponji karibu na daraja, inafanya kazi kuliko inavyostahili. Haina upande wa ukiziwi, ni kweli, lakini iko sentimita tano kutoka kwenye nyuzi, na umbali unailipia.

Akodiani inasikika bila msaada. Maiki moja upande wa vidole, na wa kushoto ukipenda. Nai, usiiweke maiki kwenye njia ya pumzi, iweke pembeni ikitazama matundu ya vidole. Besi, pikapu na kisanduku cha DI chenye betri, basi. Dumbak na rika mara nyingi sizifungulii kitu chochote ukumbi ukiwa mdogo, na wapigaji huninunia.

Kondensa zina mambo mawili zaidi yanayotuhusu huku. Zinahitaji umeme wa volti 48 kupitia kebo ileile ya maiki. Namba hiyo ina kisa kinachonifurahisha: mwaka 1966 kampuni ya Neumann iliwatengenezea redio ya taifa ya Norway maiki za kulishwa kwa njia hiyo, na ikachaguliwa volti 48 kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo tayari kwa taa zao za dharura. Mikseri ndogo za siku hizi nyingine hazifikishi hapo, na kondensa yenye njaa hukwaruza mapema. Jambo la pili ni unyevu. Utando wa kondensa unashika chaji kidogo mno, na hewa ya chumvi ya pwani ikiukalia, chaji inavuja na maiki inapasuka-pasuka kama mahindi. Sennheiser wana aina ya MKH inayofanya kazi kwa masafa ya redio na inayostahimili unyevu vizuri sana, ila bei yake ni bei ya ng'ombe kadhaa. Mimi zangu zinalala kwenye boksi la kubana hewa na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, na kabla ya kazi zinakaa nje ya boksi mpaka zizoee joto la ukumbi.

Riboni, maiki ya utepe? Nzuri mno kwa fidla, laini, na mgongo wake unasikia sawa na uso wake. Ngome Kongwe ya Unguja mwezi wa Februari, kaskazi inavuma juu ya kuta, utepe ule mwembamba unayumba kwa upepo tu. Iache studio.

Wapo wanaoniambia wazee walifanya yote haya kwa maiki moja. Ni kweli kwa namna fulani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, kurekodi kwa maikrofoni ya umeme kulikuwa kumeanza miaka mitatu tu kabla, na usawa wa vyombo enzi hizo ulipatikana kwa nani kakaa karibu na nani kakaa mbali. Jukwaani pia inawezekana: kikundi cha watu wanne, kondensa moja katikati, hakuna monita hata moja, wasikilizaji waliokaa na kunyamaza. Nimeifanya kwenye baraza na ilikuwa sauti bora kuliko zote nilizowahi kutoa. Lakini monita moja tu ikiingia mchezo umekwisha, na waimbaji wa leo hawapandi jukwaani bila monita.

Kikundi kikiniuliza kianzie wapi na pesa kidogo, sitaji kondensa. SM57 mbili halisi, na uangalie vizuri, za bandia zimejaa madukani. Pikapu ya udi. Kisanduku cha DI chenye betri, cha megaomu 1 au zaidi. Stendi fupi zenye msingi mzito wa duara, si zile za miguu mitatu zinazotega watu. Kijimaiki cha kubana kwa kanuni, pesa ya pili ikipatikana. Na kabla ya yote hayo, kabla hata ya kuuliza bei, wakae siku moja mazoezini bila mitambo, wapange viti mpaka kila mmoja amsikie mwenzake, halafu wapige picha ya mpangilio huo kwa simu na kumtumia fundi.